Sura ya Sita: Pilau ya Jumanne

Pilau imepewa heshima inayoiponza. Kwa kuwa tumezoea kuila kwenye Idi, harusi, maulidi na hitima, tumeaminishana kwamba haipikwi mpaka kuwe na masufuria ya kukodi, kuni za mwembe, nyama iliyoanza kuchemka tangu alfajiri na mama mmoja mwenye sauti kali wa kuwaamrisha vijana. Mtu akirudi kazini jioni amechoka, anainjika wali mweupe. Pilau anaiwekea Ijumaa, na Ijumaa yenyewe ikifika ana wageni au hana nguvu. Mimi naona chakula hiki kinanyimwa haki yake. Pilau ya watu wanne, isiyo na nyama au yenye vipande vichache vilivyobaki jana, inamalizika ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya saa hiyo sufuria inajipikia yenyewe huku wewe unamkagulia mtoto daftari.

Kinachoirefusha pilau ya shughuli ni nyama na ukubwa wa sufuria. Nyama ya ng'ombe wetu wa kuchungwa, anayeshinda akitembea kutafuta majani, haikubali kulainika upesi. Sufuria ya kilo kumi za mchele nayo inachelewa kushika moto, na ikishaushika haiuachii hata ukiondoa kuni. Toa hivyo viwili, unabaki na vitunguu, viungo, mchele, maji na mfuniko. Katika hivyo kimoja tu ndicho kinachogoma kuharakishwa, nacho ni kitunguu. Vingine vyote vinakubali njia ya mkato. Ndiyo maana sura hii, ingawa ni ya wali, itakaa sana kwenye kitunguu.

Nairobi pilau isiyo na nyama huitwa pilau njeri, tena kwa kejeli kidogo, na mtu wa pwani akiisikia hucheka. Lakini mara nyingi kilichoiharibu pilau hiyo si kukosa nyama. Ni vitunguu vilivyochemshwa tu kwenye mafuta mpaka vikalegea, vikafuatiwa na nyanya mbili tatu, halafu vijiko vya bizari ya pakiti vya kutafutia rangi. Matokeo yake ni wali wenye vumbi la viungo. Ukipika vitunguu ipasavyo, hata usipotia kipande cha nyama, atakayeingia mlangoni atauliza leo kuna sherehe gani.

Anza na mchele, kwa sababu huo ndio utakaosubiri. Vikombe viwili, yaani kama gramu 400, vinawatosha watu wanne wanaokula vizuri. Uchambue kwenye sinia, utoe mawe na chuya, kisha uoshe maji matatu au manne. Weupe unaotoka kwenye maji ni unga wa wanga uliotokana na punje kusuguana kiwandani na kwenye magunia. Ukiuacha, unageuka gundi sufuriani. Halafu roweka mchele kwenye maji baridi na uuache wakati unashughulika na vitunguu. Dakika ishirini hivi zinatosha. Punje iliyokunywa maji kabla inaiva upesi, na inaiva sawasawa, haibaki na kiini kigumu katikati huku nje imepasuka.

Mchele gani? Hapa watu hugombana, na ugomvi wao una sababu. Wanga wa mchele ni wa namna mbili, amailosi na amailopektini. Mchele wenye amailosi nyingi huchambuka ukiiva, kila punje mbali na mwenzake. Wenye amailopektini nyingi hushikana, na ndiyo maana Wajapani wanaweza kuula wali wao kwa vijiti. Basmati ya India na Pakistan ina amailosi ya kutosha, na juu ya hapo ile nzuri hukaa ghalani mwaka au zaidi kabla ya kuuzwa, ikakauka vizuri. Ndiyo maana hata mpishi asiye na uzoefu akiitumia wali wake hauwi bokoboko.

Mchele wetu unadai umakini zaidi, na unalipa. Ule wa Kyela, kule Mbeya kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, una harufu inayojaza nyumba kabla hata hujatia kiungo. Tatizo ni kwamba sokoni kila mchele unaitwa wa Kyela. Kenya wana pishori ya Mwea, Kirinyaga, kwenye mashamba ya umwagiliaji yanayopata maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Mashamba hayo yalifunguliwa miaka ya 1950, na mifereji yake ya mwanzo ilichimbwa kwa jasho la watu waliokuwa vizuizini wakati wa Mau Mau, jambo ambalo halikuandikwa kwenye gunia lolote. Mimi kwa pilau nachukua wetu wenye harufu, bora uwe wa zamani. Mchele mpya, uliotoka shambani juzi, bado una unyevu. Ukiupa maji ya kawaida unakugeukia mashendea. Muulize muuzaji ni wa msimu gani. Akikuambia ni mpya, punguza maji kidogo, nusu kikombe kwa vikombe viwili.

Sasa kitunguu.

Chukua vitunguu vitatu vikubwa vyekundu, jumla karibu gramu 400. Usishangae wingi, vitanywea. Vikate vyembamba kwa urefu, kutoka shinani kwenda kichwani, na jitahidi unene ulingane, maana vyembamba vitaungua wakati vinene havijageuka rangi. Tumia sufuria pana yenye kitako kizito. Sufuria nyembamba ya alumini ina sehemu moja ya moto mkali pale katikati, na hapo ndipo harufu ya kuungua huanzia. Tia mafuta vijiko sita vya mezani. Watu wa afya watakunja uso, lakini vitunguu vikikosa mafuta haviwi vya pilau. Wenye wasiwasi wanaweza kupunguza kitu kingine siku hiyo. Samli ikiwepo, changanya nusu kwa nusu.

Mafuta yakipata moto, mimina vitunguu vyote pamoja na nyunyiza chumvi kidogo, ambayo itavitoa maji upesi. Sikiliza. Mwanzoni kuna kelele kubwa na mvuke mwingi. Kitunguu ni maji matupu, karibu asilimia 89, na maji yote hayo lazima yatoke kwanza. Maadamu yapo, moto wote unaotia unakwenda kuyageuza mvuke, na joto la sufuria linabaki karibu na nyuzi 100. Kwenye joto hilo rangi ya kahawia inakuja polepole mno, haimfai mtu aliyerudi kazini. Dakika saba au nane vitunguu vinalegea, vinang'aa, vinaonekana kama havina habari na wewe. Wengi hukata tamaa hapa. Wanaona vimeiva, wanamimina nyanya, na pilau inafia hapo hapo.

Ngoja kelele ibadilike. Ule mvumo unashuka, unakuwa mchakacho mdogo mdogo. Mapovu yanapungua ukubwa. Mafuta yaliyokuwa na ukungu yanaanza kuonekana safi pembeni. Hiyo ni ishara kwamba maji yamekwisha, na joto sasa linapanda kupita nyuzi 100 kuelekea 140. Kingo za vitunguu zinashika umanjano. Kuanzia sasa mwiko hautoki mkononi na simu haipokelewi, kwa sababu safari kutoka umanjano hadi kuungua ni ya dakika nne tano tu. Sukari za kitunguu zinakutana na asidi za amino za kitunguu hicho hicho, zinazaa ladha na rangi ambazo hazikuwemo mwanzoni. Mfaransa Louis Camille Maillard alilieleza tukio hilo mwaka 1912 na likapewa jina lake, ingawa wapishi wa duniani kote walikuwa wakilitumia tangu zamani bila kumngoja.

Usimame wapi? Unguja wengi hupenda pilau yenye rangi ya kufifia, na vitunguu huvitoa vikiwa vya dhahabu. Mombasa huendelea mbele zaidi. Mimi nafuata Mombasa: naacha mpaka vifike rangi ya kokwa ya tende, wala si zaidi ya hapo. Ukiona vimekaribia, usizime jiko ukidhani umemaliza, kwa sababu mafuta yanaendelea kupika hata moto ukizimwa. Mwaga nusu kikombe cha maji. Sufuria itapiga kelele, mvuke utapanda usoni, na kwa sekunde chache utaona ile rangi yote iliyoganda kwenye vitunguu na kwenye kitako ikiyeyuka ndani ya maji. Viponde kwa mgongo wa mwiko. Yakikauka, tia tena kidogo, uponde tena. Vitunguu vinageuka rojo nzito ya kahawia, na hiyo ndiyo rangi ya pilau yako yote. Huhitaji mchuzi wa soya wala unga wowote wa pakiti.

Kuna wanaotia sukari ili vitunguu vigeuke haraka, na wapo wanaotia magadi. Magadi kweli yanaharakisha rangi, lakini yanavimung'unya vitunguu na kuacha ladha ya sabuni. Kama unataka njia ya mkato iliyo halali, waulize wapishi wa biriani. Wao hukaanga vitunguu vingi mapema, wakavikausha, wakaviweka. Jumapili ukiwa na nafasi, kaanga kilo moja na nusu, chuja mafuta, tandaza kwenye karatasi vikauke, weka kwenye chupa yenye mfuniko ndani ya friji. Siku ya kazi unachota konzi moja, unaipasha na mafuta yake na maji kidogo, na dakika ishirini za kusimama jikoni zimefutika. Mafuta uliyochuja usiyamwage, hayo peke yake ni kiungo.

Kukitegemea kitunguu hivi si jambo la kwetu tu. Uzbekistan na Tajikistan wana pilau zao, za kondoo na karoti, na mwaka 2016, kwenye kikao kilichofanyika Addis Ababa, UNESCO iliziweka zote mbili kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni. Ukimtazama mpishi wa Tashkent anavyofanya, utaona viungo vichache kuliko vyetu. Hana karafuu wala mdalasini. Mara nyingi ni bizari nyembamba tu na labda kichwa kizima cha kitunguu saumu kilichozikwa kwenye wali. Lakini kitunguu anakifikisha mbali kwenye mafuta kabla ya kutia kitu kingine, na bizari nyembamba haikosi. Hivyo viwili ndivyo vinavyoziunganisha pilau zote, kutoka kule hadi Lamu.

Kwa hiyo kwenye viungo, bizari nyembamba ndiyo yenye nyumba, na vingine ni wageni. Wengine huiita jira, na Unguja utasikia uzile. Kwa vikombe viwili vya mchele tia kijiko kimoja cha mezani kilichojaa. Pilipili manga punje kumi na tano, hiliki sita, mdalasini kijiti cha urefu wa kidole, karafuu nne. Twanga bizari na pilipili manga kwenye kinu, visagike nusu. Hiliki zipasue tu. Mdalasini na karafuu ziache nzima. Punje sita za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi kama kidole gumba utavitwanga peke yake, mwisho, visije vikalowesha kinu.

Karafuu nne, sikukosea. Tunaionea fahari karafuu kwa sababu ni yetu, na fahari hiyo huharibu masufuria mengi. Hata hivyo asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo; Zanzibar ilifika mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said ndiye aliyewasukuma wenye mashamba waipande kwa wingi. Tufani ya mwaka 1872 iliifyeka mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu. Ndani yake kuna mafuta yanayoitwa eujenoli, yale yale madaktari wa meno wanayoyatumia kufisha ganzi jino. Ukila pilau ya mtu ukahisi ncha ya ulimi imekufa kidogo, amezidisha karafuu.

Viungo vitiwe lini? Kwenye mafuta, baada ya vitunguu kuwa rojo, kabla ya maji mengi. Harufu za viungo hivi zinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukivitia kwenye maji yanayochemka, harufu inapanda na mvuke, inaingia kwa jirani, na wewe unabaki na makapi. Anza na kitunguu saumu na tangawizi, kaanga dakika moja mpaka ile harufu ya ubichi iondoke. Fuatisha viungo, koroga nusu dakika. Ukiona vinashika chini, tone la maji.

Bizari ya pakiti siikatazi kabisa. Lakini kiungo kikishasagwa kinaanza kupoteza harufu siku hiyo hiyo, na pakiti ya dukani huwezi kujua ilisagwa lini wala imechanganywa na nini. Fungua, nusa. Ikikujia harufu ya bizari nyembamba kwanza, tumia. Ikikujia harufu ya vumbi, itie kwenye mchuzi wa kesho.

Viazi mviringo vinne, vikatwe robo, ndivyo vinavyoshika nafasi ya nyama siku ya kazi. Vitie sasa, vigeuze kwenye rojo vipate rangi, nyunyiza maji kidogo, funika dakika saba. Viwe nusu vimeiva. Njegere zikiwepo, au karoti, haya. Nyama ya jana iliyobaki nayo iingie hapa, na supu yake itahesabiwa kwenye maji. Nyanya sitii. Najua nyumba nyingi, hata za pwani, hutia, na sina ugomvi na mtu. Ninaloliona ni kwamba nyanya inaleta uchachu ndani ya wali, na uchachu nautaka nje, kwenye kachumbari, nikiuhitaji niuchote.

Chuja mchele vizuri, uache kwenye chujio udondoshe maji, kisha uutie sufuriani. Ugeuze taratibu dakika moja au mbili mpaka kila punje iwe na mng'aro wa mafuta. Usiukoroge kama ugali. Punje iliyolowa inavunjika upesi, na kila inapovunjika inatoa wanga.

Halafu maji, na hapa ndipo kwenye kilio cha wengi. Kanuni tuliyofundishwa ni kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji, na ukiongeza mchele unaongeza maji kwa uwiano huo huo. Kanuni hiyo inakaribia ukweli kwa kikombe kimoja na inazidi kuwa uongo kadiri mchele unavyoongezeka. Sababu ni hii: punje zenyewe zinanyonya maji takribani sawa na ujazo wake, kikombe kwa kikombe. Yanayobaki yote ni ya kupotea kwa mvuke. Na mvuke haujali umepika mchele kiasi gani. Unajali upana wa sufuria, ukali wa moto, na mfuniko umekaa vipi. Ukipika vikombe kumi, haupotei mvuke mara kumi. Kwa hiyo mtu aliyezoea kupika cha watu watatu, siku akialika kumi na watano akazidisha kila kitu mara tano, anapata uji wenye hiliki.

Kwa vikombe vyetu viwili vilivyorowekwa, vikombe viwili na nusu vya maji vinatosha kama mfuniko unabana. Vitatu kama una mwanya. Bibi zetu hawakupima kwa vikombe. Walisawazisha mchele, wakasimamisha kidole juu yake, wakamimina maji mpaka yafike pingili ya kwanza. Kipimo hicho kina akili kuliko cha vikombe, kwa sababu kile kina cha juu ya mchele ndiyo akiba ya mvuke, na kinabaki kile kile hata mchele ukiongezeka. Kinachotakiwa ni kidole kisibadilishwe.

Maji yawe ya moto kutoka kwenye birika. Yakiwa baridi, sufuria itapoa na viazi vitaanza upya. Tia chumvi, onja maji: yawe yamekolea kidogo kuzidi unavyopenda supu yako, kwa kuwa wali utainywa chumvi yote na kuificha. Chemsha kwa moto mkali bila kufunika. Maji yatashuka mpaka yalingane na mchele, na juu yataonekana matundu madogo yanayopumua. Pitisha mwiko mara moja, kutoka chini kuja juu, pembeni kwanza. Funika.

Kwenye mkaa, hapa ndipo bibi alipoupunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya mfuniko. Haikuwa mapambo. Wali ukibaki na moto wa chini tu, chini unakauka na juu unabaki mbichi. Makaa ya juu huufanya mfuniko uwe wa moto, mvuke usigande ukadondoka tena kama mvua kwenye punje za juu. Mwenye jiko la gesi afanye hivi: ashushe moto hadi mwisho, aweke chuma cha chapati kati ya sufuria na moto, na afunge mfuniko kwa kitambaa safi, ncha zake zikiwa zimekunjwa juu zisishike moto. Kitambaa kinanyonya matone, chuma kinasambaza joto. Mwenye oveni anaweza kuiingiza sufuria humo kwenye nyuzi 150, akawa amepalia pande zote bila kushika kaa hata moja.

Dakika kumi na mbili. Zima. Dakika nyingine kumi bila kufungua.

Hizo kumi za mwisho ndizo watu wenye njaa wanazoziiba, na wanaziiba wakidhani ni za bure. Wali ukitoka motoni, punje za chini zina unyevu tofauti na za juu, na wanga wake bado ni laini mno. Ukiupakua hapo, unavunjika na kushikana. Ukiuacha, unyevu unasambaa, wanga unakaza kidogo, na mwiko ukiingia wali unajichambua wenyewe. Kazi ya kufanya wakati huo ipo: kachumbari.

Kabla ya kachumbari, neno moja kwa wenye jiko la wali la umeme. Linafaa sana, na halina siri kubwa. Tangu Toshiba ilipoanza kuyauza Japani mwaka 1955, majiko haya yanafuata wazo moja: maji yakiwepo joto halipiti 100, yakikwisha linapanda, na swichi inalihisi na kujizima. Kwa hiyo linajua kuivisha wali kukuzidi wewe. Lisilojua ni kitunguu. Kaanga vitunguu, viungo na viazi kwenye kikaango, hamishia humo pamoja na mchele na maji pungufu kidogo, kisha ondoka.

Kachumbari itengenezwe mwisho kabisa, la sivyo inatoa maji. Kata kitunguu chembamba sana, kisugue na chumvi, suuza, kamua. Ukali unakwenda na maji. Nyanya, pilipili mbichi, kotmiri, ndimu. Basi. Pembeni weka ndizi mbivu, kwa wanaojua, na achari kama ipo. Mafuta ya pilau yanautaka uchachu huu, na pwani hii imelijua hilo muda mrefu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa wali uliopikwa kwa samli kwenye sahani kubwa ya mbao, na kando yake malimau ya kachumbari, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Akaandika kwamba wenyeji walikuwa wakila tonge la wali kisha wanaonja cha uchachu. Nyanya na viazi havikuwepo, maana vilikuwa bado Amerika havijavuka bahari. Wanaogombania pilau ya asili wakumbuke kwamba asili hiyo haikuwa na kiazi.

Ukipakua, kwangua na ukoko. Huo wa chini, wenye rangi nzito na mafuta, katika nyumba nyingi una mwenyewe tayari, na usipojua ni nani utajua ukiutupa.

Itakayobaki usiiache mezani hadi asubuhi. Mchele una mbegu za bakteria iitwayo Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu saa nyingi zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Itandaze kwenye sinia ipoe upesi, na ndani ya saa moja au mbili iwe kwenye friji. Asubuhi iweke kwenye kikaango na vijiko viwili vya maji, funika, moto mdogo, mpaka mvuke utoke katikati na sio pembeni tu. Kiporo cha pilau na chai ya rangi hakihitaji kitu kingine, isipokuwa kachumbari, na hiyo usitumie ya jana. Kata nyingine.